Baba amekataa chanjo ya mafua, tufanyeje?

Kitindamimba:
Wakuu, naomba ushauri. Baba ana miaka 74, ana kisukari, na tangu mama afariki anaishi peke yake. Mama ndiye aliyekuwa anakumbuka tarehe za kliniki, wakienda wanachanjwa wote wawili. Kadi ya baba hadi leo imo kwenye mkoba wa mama. Sasa nikigusia chanjo ananijibu: "Rafiki yangu alichanjwa, kesho yake akalala na homa. Niacheni." Kaka alimfokea kwenye simu, ndiyo kwanza akazidi kuwa mgumu. Tuanzie wapi?

Mama Watatu:
Pole sana. Kaka aache kumfokea. Mzee akiona watoto wanamwamulia kila kitu, atakataa ili mjue bado ana kauli. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo. Tuliongea mpaka mate yakatukauka. Aliyemgeuza ni shoga yake wa rika moja, aliyekwisha kuchanjwa.

Nesi Mstaafu:
Chanjo ya mafua ya sindano haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu mafua. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja mbili hutokea, ni mwili unajenga kinga. Lakini usimbishie kuhusu rafiki yake. Homa aliipata kweli, mweleze tu ilitoka wapi. Kinga hupungua uzeeni, na mwenye kisukari akishikwa na mafua makali anaweza kuishia kwenye nimonia. Mwombeni daktari wake wa kisukari amwambie mwenyewe. Neno la daktari anayemjua lina uzito kuliko la mtoto.

Msafiri:
Mimi nauliza, nani atampeleka? Wazee wengi husema "sitaki" kumbe hana wa kumsindikiza na anaona aibu kuomba. Unganisheni na siku yake ya kliniki, amalize yote kwa safari moja.

Kitindamimba:
Msafiri, hapo umenigusa, hatukuwahi kumuuliza hilo. Kliniki nitaenda naye mimi. Nesi, akiwa na kikohozi siku hiyo je?

Nesi Mstaafu:
Kikohozi kidogo bila homa hakizuii. Akiwa na homa kali, subirini apone. Na kama aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yoyote, amwambie mchanjaji kabla ya sindano. Mwakani mmkumbushe tena, maana virusi vya mafua hubadilika na chanjo hurudiwa kila mwaka.