Kasri na makanisa ya Ujerumani yanayojengwa upya: ni urithi au ni kujidanganya?

Mlowezi: Wakuu, nataka maoni yenu. Kasri la wafalme pale Berlin lilipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1950 serikali ya DDR, yaani Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, ikalilipua kabisa. Hapo hapo wakajenga Palast der Republik, jumba la bunge lao, lililofunguliwa 1976. Nchi ilipoungana nalo likabomolewa, kazi ikaisha 2008. Leo kasri limerudi, kwa zaidi ya euro milioni 600. Pande tatu zina mapambo ya kale, upande wa mtoni ni ukuta wa kisasa mtupu. Nafanya kazi jirani na pale, na kila nikipita naona uongo. Urithi ni kile kilichosalia. Kilichokufa kizikwe.

Dada wa Dresden: Ndugu yangu, usiipime miji yote kwa Berlin. Hapa kwetu kanisa la Frauenkirche liliporomoka asubuhi ya 15 Februari 1945, baada ya mabomu ya siku mbili, na kifusi kikabaki palepale miaka zaidi ya arobaini. Walipokuja kulijenga walipekua jiwe mojamoja, wakapima, na yaliyofaa wakayarudisha ukutani. Ndiyo maana lina madoa: jiwe jeusi la zamani limekaa ubavuni mwa jipya jeupe. Amefichwa nani hapo? Msalaba wa juu umetengenezwa na mfua fedha wa London ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale yale. Kanisa lilizinduliwa 2005, na sehemu kubwa ya fedha ni michango ya watu. Uje ulitazame kwanza ndipo useme uongo.

Fundi Mawe: Nakuunga mkono, dada. Na hata kasri ni heri kuliko lile sanduku la wakomunisti. Lilijaa asbesto, zile nyuzi za sumu, likafungwa 1990. Wale watu hawakujua kujenga, walijua kumwaga zege. Tazama magorofa waliyowaachia Wazanzibari pale Michenzani.

Bi Kilimani: Hebu ngoja. Michenzani imeingiaje? Mie nimezaliwa Kilimani, kwenye magorofa yaliyojengwa kwa msaada wa hao hao DDR baada ya Mapinduzi. Bibi yangu alitoka kwenye nyumba ya udongo Ng'ambo akakabidhiwa ufunguo. Maji ndani, choo ndani. Mfalme gani wa Berlin aliwahi kumpa maskini mlango wa kufunga? Utake radhi.

Fundi Mawe: Bibi yako sijamgusa, nazungumzia ujenzi. Zile ngazi za Michenzani nimezipanda, nimekutana na kina mama wanapandisha ndoo. Mimi ni fundi, nikiona nondo imechungulia nje ya zege siwezi kunyamaza.

Bi Kilimani: Nondo inachungulia kwa kukosa matengenezo, ramani haina kosa. Jengo lisilotunzwa huanguka, liwe la Rais Karume, liwe la Sultani Barghash. Beit al-Ajaib, kasri la huyo Barghash, ni ya 1883, mkomunisti hakuijenga, na 25 Desemba 2020 imeporomoka sehemu kubwa huku inakarabatiwa, na watu wakafa. Mbona hilo husemi?

Kijana wa Tanga: Si ndiyo iliyopigwa mizinga na Wajerumani zamani?

Bi Kilimani: Waingereza, mwanangu. 1896, vita havikufika hata saa moja. Mjerumani alimpa hifadhi Khalid, aliyejitwalia usultani, ubalozini kwake. Majumba ya jirani yalivunjwa, Beit al-Ajaib ikabaki, na mnara wa saa wa mbele umekuja baada ya mizinga ile. Barghash hakuuona. Sijapata kusikia mtu Unguja akiuita wa bandia.

Mlowezi: Mmenihamisha hadi Forodhani! Lakini sawa, nitajibia hapo hapo. Beit al-Ajaib irudishwe hata kesho, kwa sababu walio hai wameiingia na wanaililia. Bunge la Ujerumani lilipopiga kura ya kasri mwaka 2002, walioliingia enzi za mfalme walikuwa hai wangapi? Palast der Republik ndilo watu walikuwa wakilikumbuka. Walikula mle, walicheza dansi, walicheza bowling. Hao ndio waliovunjiwa. Na Potsdam je? Mnara wa kanisa ambako Hitler alimpa mkono Rais Hindenburg tarehe 21 Machi 1933 nao umesimamishwa tena, umefunguliwa 2024. Huo nao tuulilie?

Dada wa Dresden: Usiniwekee Hitler kwenye Frauenkirche. Nimekueleza habari ya mawe, unanijibu Potsdam. Hiyo si haki.

Mlowezi: Sijasema Frauenkirche, dada. Nimesema Potsdam.

Dada wa Dresden: Juu kabisa umeandika "kilichokufa kizikwe". Hukutenga mji.

Fundi Mawe: Mimi nina neno kwa Bi Kilimani. Kama wanairudisha Beit al-Ajaib, ukuta wa mawe ya matumbawe usisilibwe saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, chuma na boriti zinaliwa taratibu bila mtu kuona. Chokaa ndiyo inayouacha ukuta upumue.

Bi Kilimani: Hapo umesema kweli. Radhi yangu bado naidai.