Google na St. John's Terminal, New York: sakafu 9 mpya juu ya stesheni ya 1934 zinabebwa na nini?

KambaYaGati (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Naomba wanaojua ujenzi na milki wanifungulie hili. Google imezidi kujitanua New York upande wa mto Hudson. Februari 2024 walifungua ofisi za St. John's Terminal, na kabla ya hapo walishaingia Pier 57, gati la zamani la meli. Maswali yangu ni haya.

St. John's ilikuwa stesheni ya mizigo ya mwaka 1934, fupi tu. Sasa ina sakafu 12. Misingi ya karibu miaka 90 imekubalije? Na kwa nini hawakuibomoa wakaanza upya?

La pili, nasikia Pier 57 "inaelea". Kweli au chumvi?

La tatu, kimbunga Sandy cha 2012 kiliingiza maji mtaa ule ule. Inakuwaje mtu anatoa dola bilioni 2.1 anunue jengo pale?

Mwenye hesabu aweke hesabu. "Wana hela" sio jibu.

---

Jamvi_na_Nondo

Mkuu, nianze na hilo la kwanza. Hizo 12 ni kwa hesabu ya Wamarekani, ambao ya chini kabisa kwao ndiyo ya kwanza. Walibakiza sakafu 3 za zamani, wakaongeza 9. Jumla ni kama futi za mraba milioni 1.3, yaani mita za mraba 120,000 hivi.

Stesheni ile ilikuwa mwisho wa kusini wa reli ya juu ya upande wa magharibi wa Manhattan, ile ambayo kipande chake leo ni bustani ya High Line. Treni zilikuwa zinaingia ndani ya jengo, juu, sio chini. Siri iko hapo.

Chukua behewa la mizigo la enzi hizo likiwa limejaa: tani 60 hadi 70, urefu mita 12, upana mita 3. Ukigawanya unapata kilo 1,700 hivi kwa kila mita ya mraba, na hujaweka mtikisiko wa behewa linapofunga breki. Sakafu ya ghala zito husanifiwa kwa kilo 1,200 kwa mita ya mraba. Ofisi? Kilo 240. Watu na meza ni wepesi kuliko mnavyodhani.

Sasa piga hesabu. Ukizigeuza sakafu 3 za ghala kuwa ofisi, umeokoa (1,200 − 240) × 3 = kilo 2,880 kwa kila mita ya mraba. Sakafu mpya ya boriti za chuma na zege jembamba juu ya bati ina kilo kama 300, ongeza 100 za dari, mabomba na kuta nyepesi. Uzito wa watu na samani unapoteremka hadi kwenye nguzo za chini huruhusiwa kupunguzwa, kwa sababu sakafu zote haziwezi kujaa siku moja. Tuseme nusu, yaani 120. Jumla ni 520. Gawa 2,880 kwa 520, unapata sakafu 5 na nusu.

Yaani ghala peke yake halifikishi 9. Zinazobaki zinatoka kwenye treni: ile akiba ya uzito wa mabehewa na mtikisiko wake, ambayo wasanifu wa 1934 waliiweka kwa ukarimu kwa kuwa hawakuwa na kompyuta ya kuwaambia wabane.

Ila msichukue hesabu hii mkaenda kupandishia ghorofa nyumba ya mtu. Kazi ya kweli ni kuchomoa vipande vya zege na chuma kutoka jengo la zamani na kuvipima maabara, kufukua na kukagua vichwa vya nguzo za msingi, kisha kupakia uzito wa majaribio kwenye chache kati yake. Na hesabu yangu ni ya uzito wa kwenda chini tu. Upepo unasukuma kwa pembeni, na jengo fupi la mizigo halikuwahi kuujali sana. Kwa hiyo kwa kawaida kiini cha lifti na ngazi kinajengwa upya na kupewa msingi wake. Miradi ya kuongeza ghorofa inakwama hapo mara nyingi, kwa sababu unatakiwa kuchimba katikati ya misingi ya zamani bila kuigusa.

Kuhusu kubomoa: ardhi ile ni kifusi. Ukingo wa asili wa mto ulikuwa karibu na Greenwich Street. Washington Street na West Street zimekaa mahali palipokuwa maji. Ukichimba unakutana na maji haraka, na ukiyavuta, ardhi ya jirani inashuka. Nguzo za zamani hazichomoki kirahisi, na mpya lazima zizikwepe. Google wenyewe walisema kuitumia tena misingi kumeepusha tani 78,400 hivi za hewa ukaa. Sina ugomvi na takwimu hiyo, ila hata bila mazingira, ratiba peke yake ingetosha kumshawishi mhasibu.

---

Pantoni_Saa_Nane

Nichukue la Pier 57. Si chumvi, ila neno "inaelea" linahitaji maelezo.

Gati la mbao lililokuwepo liliungua 1947. La sasa lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mhandisi wake alikuwa Emil Praeger, mtu aliyekuwa na uzoefu wa miundo ya zege inayoelea ya Vita vya Pili vya Dunia. Badala ya kupigilia msitu wa nguzo, aliweka masanduku 3 makubwa ya zege yenye uwazi ndani. Yalijengwa kando ya mto huo huo, huko unakotokea, upande wa Haverstraw, ndani ya bwawa lililokaushwa. Kisha maji yakafunguliwa, masanduku yakainuka, yakavutwa kwa tagi (boti za kuvuta meli) hadi Manhattan. Mawili yanabeba gati lenyewe, la tatu linabeba jengo la mbele upande wa barabara.

Mnaolijua pantoni la Kigamboni mnaelewa tayari: magari yakiingia linazama kidogo, yakitoka linainuka. Sanduku la mita 100 kwa 25 lina eneo la mita za mraba 2,500. Likiwa na tani 15,000 litazama mita 6. Ukilipakia tani 2,500 zaidi, linazama mita 1 nyingine. (Vipimo hivi nimeviweka ili hesabu iwe nyepesi, si vya Pier 57.)

Tofauti na pantoni ni kwamba masanduku haya yameketi kwenye sakafu ya mto iliyoandaliwa, hayapandi na kushuka. Maji yanabeba sehemu kubwa ya uzito, tope linabeba kilichobaki, na hayo ndiyo waliyoyataka, maana tope la Hudson halina nguvu.

Sasa angalieni ujanja wake. Maji kujaa na maji kupwa pale hutofautiana kwa mita 1.4 hivi. Kwa sanduku letu la mfano, 1.4 × 2,500 ni tani 3,500. Kila siku, mara mbili, tani 3,500 zinahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope na kurudi. Msanifu lazima ahakikishe kwamba hata maji yakijaa kupita kiasi bado kuna uzito unaobaki kukandamiza chini, la sivyo sanduku litanyanyuka. Kwa hiyo ukarabati wa jengo la namna hii una masharti kinyume na mnavyotarajia: kuvunja kuta na sakafu nyingi kwa mpigo ni hatari, maana unalifanya jengo kuwa jepesi. Bustani ya umma iliyowekwa juu ya paa, karibu ekari 2, ilibidi iingizwe kwenye mizania hiyo hiyo, udongo ukiwa umelowa, si mkavu.

---

KambaYaGati

Shukrani sana mkuu. Sanduku likitoboka je?

---

Pantoni_Saa_Nane

Haliendi popote, limeshakaa chini. Ila kila mita ya ujazo ya maji inayoingia ni tani 1 ya msaada iliyopotea, inahamia kwenye tope. Jengo linaanza kushuka upande, taratibu. Tundu kubwa linaonekana siku hiyo hiyo, kwa hiyo halinipi hofu. Balaa ni ufa mwembamba: maji ya chumvi yanafika kwenye nondo, nondo inatoa kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linabanduka kwa ndani ambako hakuna anayepita. Dawa ni kukagua ndani kwa ratiba, kuweka pampu zenye king'ora, na kuziba kwa kusukumia kemikali kwenye ufa ukiwa bado unalia maji.

---

MitaroMjini

La mafuriko niachieni mimi.

Usiku wa Oktoba 29, 2012 kipimo cha Battery, kusini mwa Manhattan, kilifika futi 14.06 juu ya wastani wa maji kupwa. Hiyo ni mita 4.3. Sheria za ujenzi za jiji zinatenganisha makazi na biashara: nyumba ya kuishi ndani ya eneo la mafuriko inatakiwa iinuliwe, lakini ofisi inaruhusiwa kubaki chini kwa sharti kwamba kuta na milango izuie maji hadi kimo kilichopangwa. Mahali penye mawimbi makubwa ruhusa hiyo haipo kabisa.

Kuzuia maji kuna hesabu inayowaumiza wengi. Maji ya kimo cha mita 1.2 yanasukuma kila mita moja ya ukuta kwa kilo 720. Kimo kikiwa mita 2.4, watu wanadhani msukumo unakuwa mara mbili. Hapana, ni mara nne: kilo 2,880. Ndiyo maana mlango wa kioo wa mapokezi hauwezi kuachwa peke yake.

Chini nako kuna kazi. Maji yakisimama mita 3 juu ya kitako cha jamvi (zege la chini kabisa la jengo), yanalisukuma jamvi kwenda juu kwa tani 3 kwa mita ya mraba. Zege lina tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji unene wa mita 1.25 ili uzito wake peke yake ulingane na msukumo huo, ama ulifunge kwa nguzo zinazovuta chini. Anayeziba kuta vizuri na kusahau jamvi anatengeneza mtumbwi.

Vinavyoshindwa siku yenyewe ni vitu vidogo. Mbao za alumini za kuziba mlango zipo stoo, ila mpira wake umekauka na kupasuka. Boliti 2 kati ya 40 zimepotea. Waliofundishwa kuzifunga wako likizo. Maji yanapita kwenye bomba la nyaya za simu ambalo hakuna aliyeliziba, au yanarudi kupitia choo kwa sababu bomba la taka halina valvu ya kuzuia maji kurudi. Na jenereta liko juu lakini pampu ya mafuta iko chini: usiku ule hospitali moja kubwa ya jiji ilikutwa hivyo hivyo, watu wakabeba mafuta kwa mikono wakipanda ngazi ghorofa 13.

Ukiona jengo jipya ukingo wa mto, usiulize jenereta liko wapi. Uliza pampu yake.

---

Hati_Mkononi

Wakuu mmesema vizuri, ila mtoa mada amechanganya kidogo. Zile bilioni 2.1, zilizotangazwa Septemba 2021, ni za St. John's tu. Pier 57 Google ni mpangaji, na haiwezi kuwa vinginevyo: gati liko ndani ya Hudson River Park, mali ya umma chini ya sheria ya 1998. Waendelezaji RXR na Youngwoo walikodi kutoka kwa taasisi ya bustani, Google ikapanga kwao takribani futi za mraba 320,000. Bustani ya paa ya wananchi ni sehemu ya mapatano.

St. John's iko ng'ambo ya barabara kuu, kwenye ardhi ya binafsi. Oxford Properties walinunua upande wa kusini Januari 2018 kwa dola milioni 700. Desemba mwaka huo Google wakatangaza kundi la ofisi zao la Hudson Square, mtaa ilipo St. John's, wakiingia kama wapangaji, na baadaye wakatumia haki ya kununua waliyokuwa nayo kwenye mkataba. Mpangilio huo una maana: wakati wa ujenzi, vibali kuchelewa na bei ya chuma kupanda ni maumivu ya mwendelezaji. Ukinunua mwishoni unalipa ghali, lakini umenunua jengo, si matatizo ya jengo.

Kuna na haki ya anga, ambayo huku kwetu haijazoeleka. Gati jirani, Pier 40, lilikuwa limesimama juu ya nguzo 3,500 hivi za chuma zinazoliwa na kutu, na taasisi ya bustani haikuwa na fedha. Sheria ikabadilishwa 2013 ili iruhusiwe kuuza ujazo wa jengo ambalo ingeweza kulijenga na haikulijenga. Desemba 2016 baraza la jiji likapitisha futi za mraba 200,000 zihamie kwenye eneo la St. John's kwa dola milioni 100, fedha zikatengeneze nguzo za Pier 40. Mpango wa wakati ule ulikuwa na nyumba nyingi za kuishi, zikiwemo za bei nafuu. Upande uliouzwa 2018 ukawa ofisi. Nyumba zikabaki upande wa kaskazini. Wakazi waliolalamika walikuwa na hoja, kwa maoni yangu: walijadiliana kuhusu mchoro mmoja, ukajengwa mwingine.

---

KambaYaGati

Nimeelewa, Hati. Huo mpaka wa kaskazini na kusini unaonekana kwa macho?

---

Hati_Mkononi

Unaonekana. Jengo la zamani lilivuka juu ya Houston Street. Kipande kile kilikatwa, mtaa ukapata anga. Simama Houston Street utazame uso wa kaskazini wa jengo la Google, juu ya mlango: wameacha wazi vitako vya reli pale vilipokatwa, utaona kila njia ilipokuwa inapita.