Kura za maoni: nani akate jina, wapiga kura au vikao?

Mwana Mwaloni
Wakuu, hoja yangu ni moja na naomba tuijadili bila kutajana majina. Mwanachama wa CCM wa Nyamagana, Magu au Buchosa anapiga kura ya maoni ya ndani ya chama kumtafuta mgombea ubunge, lakini kura hiyo haiteui mtu. Matokeo yanapanda Kamati ya Siasa ya Wilaya, kisha ya Mkoa, yanakwenda Kamati Kuu, na Halmashauri Kuu ya Taifa ndiyo inayoteua mgombea ubunge. Kila ngazi inaweka mapendekezo yake. Mwaka 2020 yapo majimbo nchini ambako aliyeongoza aliachwa, akateuliwa wa pili au wa chini zaidi. Kanuni zinaruhusu, sibishi. Kinachoniuma ni kwamba mpiga kura wa Igoma au Kirumba anasikia jina jipya redioni kama mtu baki, haambiwi sababu hata kwa mstari mmoja. Halafu kampeni zikianza, huyohuyo anatakiwa akapite nyumba kwa nyumba kumwombea kura mtu aliyemkataa. Chama kilazimike kutoa sababu kwa maandishi?

Binti Bwiru
Kaka, nakupinga, na nitakupa hesabu. Chukua mkutano mkuu wa jimbo wenye wajumbe 500 wanaopiga kura na wagombea wanane. Kura zikigawanyika, kura 150 zinatosha kuongoza. Mtu akiwapa wajumbe hao 150 shilingi 50,000 kila mmoja, ametumia 7,500,000 tu kununua jimbo zima. Fedha hiyo mfanyabiashara wa kati anaipata bila kuuza hata bodaboda moja. Ule msemo wa 2020, "wajumbe si watu wazuri", haukutoka hewani. Sasa ukisema anayeongoza ndiye apite, umemkabidhi jimbo mwenye mkoba mnene. Vikao ndiyo breki pekee iliyobaki, kwa sababu vinapokea taarifa ambazo mjumbe aliyekaa ukumbini hana.

Leja ya Tawi
Hesabu ya dada ni sahihi kwa wajumbe 500. Dawa yake ni kuongeza wapiga kura, na hilo limeshajaribiwa. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wenye kadi walipiga kura kwenye matawi. Mwaka 2020 kura ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Mwaka 2025 wapiga kura wakaongezwa tena kwa kushuka hadi ngazi za kata na matawi. Wapiga kura wakiwa 10,000 na mshindi akihitaji 3,000, bahasha zilezile za 50,000 zinafika milioni 150. Wengi watashindwa.

Lakini msidhani rushwa inakufa hapo. Inabadili njia tu. Mgombea anaacha kumnunua mpiga kura, anamnunua anayeshika daftari. Mambo yanaharibika hivi: leja ya tawi, yaani daftari la wanachama, haijahuishwa, waliofariki na waliohama bado wamo, kadi mpya zinatolewa kwa mafungu wiki mbili kabla ya kura, ada ya mwaka mzima inalipwa na mtu mmoja, siku ya kura jina la mwanachama wa siku zote halionekani, la mgeni lipo. Ukitaka kura pana, anza na leja. Ifungwe miezi mitatu kabla, nakala ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya tawi, na kila mgombea apewe nakala yenye muhuri. Bila hivyo mnaongeza wingi wa watu, si wingi wa haki.

Nansio
Mmesahau maji. Jimbo la Ukerewe lina Ukara, Irugwa na visiwa vingine. Kura ikipigwa tawini na sanduku likasafirishwa kwa mtumbwi kwenda kuhesabiwa kwingine, saa zile za ziwani hakuna anayezilinda. Kura zihesabiwe palepale zilipopigwa, mchana. Msimamizi anyanyue karatasi moja moja ili mawakala waione, asome jina kwa sauti, mwingine apige mistari ubaoni kwa mafungu ya tano. Wakimaliza, fomu ya matokeo ijazwe kwa tarakimu na kwa maneno, mawakala wote wasaini, moja ibandikwe ukutani. Tarakimu peke yake haitoshi: 13 inageuzwa 73 kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu, "kumi na tatu" haigeuki. Na simu zibaki nje ya chumba cha kura, maana picha ya karatasi ndiyo risiti ya aliyelipwa.

Mwana Mwaloni
Dada Bwiru, nakubali sehemu. Vikao vichuje, lakini vichuje kabla. Uraia, kesi, vyeti, nidhamu, yote hayo yanajulikana fomu zikishaletwa. Uchujaji wa awali upo tayari: majina yanapanda hadi Kamati Kuu na yanarudi machache. Julai 2025 katiba ya chama ilirekebishwa ili yarudi hata zaidi ya matatu. Sasa kama Kamati Kuu yenyewe imesema hawa wote wanafaa, mwanachama akachagua mmoja wao, ni kipi kipya kilichoonekana wiki tatu baadaye? Kama ni rushwa ya siku ya kura, semeni ni rushwa na mumpeleke TAKUKURU. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata uteuzi wa ndani ya vyama. Kumkata kimyakimya kunamchafua aliye safi na kumfichia aibu aliyehonga.

Msafiri wa Sirari
Vuka mpaka uingie Kenya uone. Kisumu na Homa Bay mchujo wa chama una vurugu zake, tena kubwa, ila aliyeonewa ana pa kwenda. Kuna baraza la kisheria la migogoro ya vyama, na likimwangusha anakwenda mahakamani. Pia Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 85, inaruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wakubwa wa chama wanajua mtu wakimkata mapema anaweza kurudi kwa jina lake mwenyewe.

Binti Bwiru
Hapo umegusa mzizi. Kwetu ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Hayati Mchungaji Mtikila alipigania haki ya mgombea huru miaka mingi. Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2010, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki Juni 2013. Ibara bado ipo. Kwa hiyo narekebisha msimamo wangu: maadamu chama ndicho mlango pekee, mwenye ufunguo hana budi kueleza kwa nini amefunga. Lakini Mwana Mwaloni, sababu ikiandikwa, nani atasikiliza rufaa? Kikao kilekile kilichokata?

Leja ya Tawi
Kisiwe kilekile. Na muda ni mfupi mno: siku za kurejesha fomu za Tume ya Uchaguzi zikipita, hata ushinde rufaa, karatasi za kura zina jina la mwingine. Kalenda ya chama iache angalau siku 14 kati ya uteuzi wa mwisho na kurejesha fomu. Tuanze na hizo siku, ndipo tubishane ni nani wakae kwenye kikao cha rufaa.