Miguu ya Bibi baada ya safari

Kikundi: FAMILIA YA BIBI, TUKUYU

Jumamosi

Shangazi Atupele, 21:38
Mugonile nyote. Mama amefika, tunamshukuru Mungu. Amechoka ila uso umechangamka, chai ameshakunywa. Shida ni miguu. Imevimba yote miwili, vile viatu vya mahafali ya Gwakisa nimevivua kwa kuvuta. Picha hizo hapo.

Gwakisa, 21:40
Shikamoo Shangazi. Jamani Bibi 😢 Alfajiri nimempandisha basi mwenyewe, alikuwa mzima kabisa.

Shangazi Atupele, 21:41
Marahaba. Alikaa dirishani tangu Dar. Anasema alishuka mara moja tu, pale basi liliposimama watu wale. Kwingine kote aliona aibu kumwinua jirani yake.

Mama Lusajo, 21:43
Pole sana Mama. Wifi, mkande kwa maji ya moto yenye chumvi, halafu mfunge kitambaa kikaze hapo kwenye vifundo.

Bamdogo Ambakisye, 21:44
Hiyo ni damu imekaa chini. Dada msugue kwa nguvu, itatembea. Sisi madereva ndivyo tunavyofanya. Nimelala Ipogolo leo, kesho Mungu akipenda nipo Tunduma.

Tusajigwe, 21:47
Shikamooni wote. Ndiyo nimetoka zamu hospitalini. Shangazi, naomba usisugue wala usifunge kitu kwanza. Niangalizie: uvimbe uko sawa miguu yote, au mmoja umezidi? Kuna unaouma, wenye joto au uliobadilika rangi? Anapumua vizuri? Kifua kinambana?

Shangazi Atupele, 21:51
Marahaba mwanangu. Iko sawasawa. Haina joto, anasema ni mizito tu. Anapumua vizuri, kifua hakina neno.

Tusajigwe, 21:52
Afadhali. Sasa bonyeza juu ya ugoko kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia.

Shangazi Atupele, 21:54
Kumebaki shimo! Kama umebonyeza unga uliokandwa. Linajaa polepole.

Tusajigwe, 21:55
Basi hayo ni maji. Mlaze, miguu iwe juu ya mito miwili mitatu, ipite kimo cha moyo. Asikae kitandani huku miguu inaning'inia.

Mama Lusajo, 21:57
Maji yametoka wapi, Tusa? Mama hanywi kitu safarini, anaogopa kubanwa na haja njiani.

Tusajigwe, 22:06
Yametoka kwenye damu yake mwenyewe, mama. Nieleze kidogo, maana watu wengi tunajua damu inavyokwenda, hatufikirii inavyorudi.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Moyo ukiwa umetulia unasukuma karibu kiasi hicho hicho kwa dakika, kwa hiyo kila dakika ni kama damu yote imepita moyoni. Upande wa kushoto wa moyo ndio wenye ukuta mnene, unasukuma damu kwenda mwili mzima kupitia ateri. Ateri nazo zina kuta nene kwa sababu zinapokea nguvu yote. Ndizo tunazozishika mkononi tukihesabu mapigo. Zinagawanyika mpaka kuwa kapilari, vimishipa vyembamba hata chembe nyekundu zinapita moja moja. Hapo ndipo mwili unapopewa hewa ya oksijeni na chakula. Kuta za kapilari zinavujisha, ndiyo kazi yake. Maji kidogo hutoka, mengi hurudi humo humo, yanayobaki huokotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu.

Sasa damu inaingia kwenye vena ili irudi moyoni. Na ile nguvu ya moyo imeshakwisha njiani.

Bamdogo Ambakisye, 22:09
Subiri Tusa. Kushuka nimeelewa, ni kama maji yetu ya mserereko, yanatoka mlimani Rungwe yanakuja yenyewe mpaka bombani. Lakini maji ya mserereko hayapandi kurudi kwenye chanzo. Hiyo damu ya unyayoni inapandaje mpaka kifuani?

Tusajigwe, 22:15
Hapo hapo Bamdogo, swali lenyewe ndilo hilo. Inasukumwa na vigimbi.

Vena kubwa za mguu zimepita katikati ya misuli. Ukipiga hatua, kigimbi kinakaza na kuikamua vena, kama unavyokamua chuchu ya ng'ombe. Damu inataka kukimbilia kote, juu na chini, ila ndani ya vena kuna vilango vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. Ikitaka kushuka vinajifunga. Hatua nyingine, inapanda ngazi nyingine. Kupumua nako kunasaidia: ukivuta hewa, kifua kinaivuta damu ya tumboni ije juu.

Mtu akisimama kimya bila kutikisika, presha ndani ya vena za kifundo cha mguu inafika karibu 90, kwa kipimo kile kile tunachopimia presha mkononi. Akianza kutembea inashuka hadi karibu 30. Ni kutembea tu, hakuna dawa hapo. Kukaa kwenye kiti si kubaya kama kusimama, lakini Bibi amekaa kilomita zaidi ya 800, magoti yamekunjwa, vigimbi havifanyi kazi. Damu imejaa chini, kapilari zimevujisha kuliko limfu inavyoweza kuokota. Hicho ndicho kiatu kilichokataa kutoka.

Mama Lusajo, 22:18
Kumbe mtu anatembea na mioyo mingine miguuni.

Tusajigwe, 22:18
Hata vitabuni wanakiita kigimbi moyo wa pili.

Lusajo, 22:21
Shikamooni wakubwa. Hivyo vilango mtu anaweza kuvipima mkononi mwake sasa hivi, mwalimu wa baiolojia alituonyesha. Ninginiza mkono mpaka mishipa ya mgongo wa kiganja itokeze. Chagua mmoja ulionyooka. Weka kidole upande wa vidoleni ubonyeze, usiachie. Kwa kidole kingine sukuma damu kwenda upande wa kiwiko, kisha kiinue hicho cha pili. Mshipa unabaki bapa, damu ya juu hairudi. Ukiachia kile cha kwanza unajaa ghafla kutokea chini.

Gwakisa, 22:24
Imekubali!! Umebaki bapa kabisa mpaka nilipoachia.

Mama Lusajo, 22:25
Mimi wangu hauonekani.

Lusajo, 22:26
Mama uko Uyole na baridi hii, mishipa imejikunyata. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza.

Bamdogo Ambakisye, 22:29
Nimejaribu hapa kwenye kabini kwa tochi. Aisee. Nina miaka 51, mkono ninao siku zote, sijawahi kuona hili. Nani aligundua?

Lusajo, 22:34
William Harvey, daktari Mwingereza, alitangaza mwaka 1628. Kabla yake madaktari wa Ulaya kwa miaka zaidi ya elfu walimfuata Galen, tabibu wa kale, kwamba ini linatengeneza damu kila siku na mwili unaimaliza, kama shamba linavyokunywa maji. Harvey akapiga hesabu: kiasi kinachotoka kwa pigo moja, mara idadi ya mapigo. Akaona kwa nusu saa tu moyo unatoa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Ini haliwezi kutengeneza yote hiyo. Lazima ni ile ile inazunguka. Kapilari hakuziona, hakuwa na darubini ya kutosha. Malpighi wa Italia ndiye aliyeziona, mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura.

Na mwalimu wa Harvey kule Padua, Fabricius, vilango alikuwa ameshaviona. Ila alidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu inayoshuka. Vilikuwa mbele ya macho yake, akasoma upande usio wenyewe.

Tusajigwe, 22:36
Hongera sana mdogo wangu. Usiache sayansi.

Shangazi Atupele, 22:37
Mama amelala na miguu juu. Amesema ndaga fijo, asanteni sana wajukuu. Lakini Tusa hujasema kwa nini ulinikataza kusugua.

Tusajigwe, 22:48
Ahsante kunikumbusha, hili naomba wote mlisome, hasa Bamdogo.

Damu ikituama muda mrefu kwenye vena inaweza kuganda ikawa bonge. Mara nyingi ni mguu mmoja: unavimba kuliko mwenzake, kigimbi kinauma, kina joto. Ukiusugua mguu wa namna hiyo unaweza kulibandua. Fuateni njia yake sasa. Kutoka mguuni vena zinazidi kuwa pana kadiri zinavyopanda, kwa hiyo hakuna pa kukwama. Linaingia upande wa kulia wa moyo. Na upande wa kulia kazi yake ni moja, kupeleka damu kwenye mapafu ichukue hewa. Mapafuni mishipa inaanza tena kugawanyika na kuwa myembamba, hapo ndipo bonge linakwama na kuziba. Mtu alikuwa analalamika mguu, ghafla anakosa pumzi, kifua kinachoma, anaweza kukohoa damu au kuzimia. Nimeliona zamu ya usiku, si jambo la kusubiri kupambazuke. Mguu mmoja umevimba na unauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiongezeka kukosa pumzi, ni dharura.

Bamdogo Ambakisye, 22:52
Mwanangu, mimi nakaa kwenye usukani Dar mpaka Tunduma. Na ninapunguza kunywa maji ili nisisimame.

Tusajigwe, 22:55
Najua Bamdogo, ndiyo maana nimekutaja. Kunywa maji. Kila ukisimama kwenye mizani au kuweka mafuta, shuka utembee dakika tano. Ukiwa kwenye foleni, gari limesimama, inua visigino na kushusha, mara ishirini. Kigimbi hakijui kama unatembea au umekaa, kikikaza kinakamua.

Bamdogo Ambakisye, 22:56
Nimekusikia mama.

Tusajigwe, 23:01
Shangazi, la mwisho. Soma jina la dawa ya presha ya Bibi kwenye pakiti.

Shangazi Atupele, 23:04
Amlodipine. Anameza moja kila asubuhi.

Tusajigwe, 23:09
Nilihisi. Amlodipini inalegeza ateri ndogo ili presha ishuke, na kwa baadhi ya watu inaleta uvimbe wa vifundo, kwa sababu damu inafika kwenye kapilari kwa nguvu zaidi kuliko inavyoondoka. Huenda safari imeongezea kitu kilichokuwepo. ASIACHE DAWA, tafadhali sana. Akaieleze kliniki yake, daktari ndiye ataamua abaki nayo au abadilishiwe. Na nitaomba wamsikilize moyo na wapime mkojo, maana moyo uliochoka au figo pia huleta maji miguuni. Akianza kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msingoje siku ya kliniki.

Mama Lusajo, 23:11
Na maji ya chumvi niliyosema?

Tusajigwe, 23:13
Kumkanda kwa uvuguvugu hakuna ubaya mkubwa mama, kunamstarehesha, ila maji ya ndani hayatoki kwa hivyo. Kitambaa cha kukaza ndicho kibaya, kikibana sehemu moja kinazuia damu isipande. Chumvi tuipunguze kwenye mboga yake.

Jumapili

Shangazi Atupele, 06:48
Mugonile. Mama ameamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, nikaogopa. Lakini miguu imepungua, mifupa ya vifundo naiona.

Tusajigwe, 06:55
Usiogope Shangazi. Alipolala miguu juu, yale maji yamerudi kwenye damu, figo zimeyatoa. Kwa usiku wa jana ni dalili nzuri.

Gwakisa, 07:02
Bibi ❤️ Safari nyingine nakukatia kiti cha pembeni, uinuke bila kumwomba mtu.

Shangazi Atupele, 10:30
Tumetembea taratibu hadi kanisani na kurudi. Viatu vimeingia, vile vile vya mahafali. Jumanne nampeleka kliniki, nitaandika presha na majibu yote hapa.

Bamdogo Ambakisye, 12:17
Makambako. Nimelizunguka lori mara sita, chupa ya maji nimemaliza. Naondoka, nikifika Igawa nashuka tena.