Mahabusu akifia kituoni na familia ikaambiwa "kajinyonga": kipi kifanyike kabla ya kuzika?

Njia_ya_Kisongo: Wakuu, mtu akifia lokapu hapa Arusha, polisi wakasema kajinyonga, kazi imeishia hapo? Nani anachunguza, wao wenyewe?

Wakili_wa_Kaloleni: Haijaishia hapo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ya mwaka 1980, inataka kifo cha aliye mikononi mwa polisi au magereza kichunguzwe na korona, ambaye ni hakimu. Si kesi ya jinai: hatafuti wa kumfunga, anatafuta nani kafa, lini, wapi na kwa sababu gani. Andikeni barua mahakamani mapema, nakala kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na msikimbilie kuzika. Akishalazwa kihambani (shamba la ukoo), kufukua kunataka amri ya mahakama, na michubuko ya nyama laini haisubiri amri.

Kuhusu postmota, yaani uchunguzi wa maiti: maiti isioshwe, nguo zisitupwe. Kutazama kwa nje hakutoshi, maana jeraha la ndani ya misuli ya shingo au mgongo huonekana kwa kupasua tu. Daktari aandike alama ya shingoni inaelekea wapi, imezunguka yote au sehemu, na apige picha kabla ya chochote. Atazame pia damu iliyotuama chini ya ngozi. Ikiwa mgongoni wakati maelezo yanasema alikutwa ananing'inia, kuna swali. Sampuli za Mkemia Mkuu zifungwe kwa lakiri mbele ya shahidi. Mwongozo wa Minnesota wa 2016, wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuchunguza vifo vyenye utata, unatambua haki ya familia kuwa na mwakilishi chumbani, kwa hiyo ombeni daktari wenu awepo.

Njia_ya_Kisongo: Na kituoni kiombwe nini?

Zamu_ya_Usiku: Daftari la mahabusu na la zamu, tena haraka. Ukiona "amekaguliwa, yuko salama" saa 7:00, 7:30, 8:00, kalamu moja, mwandiko mmoja, bila hata dakika kupishana, hiyo imejazwa asubuhi. Ukaguzi wa kweli haunyooki hivyo. Ulizeni pia alipopokelewa nani alimhoji kuhusu afya, kwa nini aliwekwa peke yake, na waliokuwa selo ya jirani wako wapi sasa. Saa za mwanzo baada ya kuwekwa ndani ndizo hatari zaidi kwa mtu kujiua. Halafu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahabusu gani atamwambia askari kwamba anawaza kufa?

Wakili_wa_Kaloleni: Wakigoma kutoa daftari, korona analiitisha. Litajeni kwa jina kwenye ile barua.