Saratani ipimwe kwa damu kwenye kambi za afya za Lamu na Malindi?

Mwenye hoja, Langoni:
Asalaam aleikum. Kambi za afya za bure zikifika Faza, Kizingitini au Ndau, watu hupimwa presha, sukari na macho, wakapewa dawa za maumivu wakaenda zao. Nasema kaunti za Lamu na Kilifi zitenge fedha, damu ipimwe na saratani pia. Kuna kipimo cha Marekani, Galleri, kinachouzwa tangu 2021; kinatafuta dalili za saratani za aina zaidi ya 50 kwa damu ya mkono tu. Hicho kikitushinda bei, vipimo vingine vya damu, PSA ya saratani ya tezi dume na CA-125 ya saratani ya ovari, vipo. Wagonjwa wetu wanafika Mombasa ugonjwa umeshatapakaa. Damu yasafiri, mashine ya mammogramu, ya kupiga picha matiti, haipandi boti. Anayepinga aseme kwa nini.

Fundi wa maabara, Malindi:
Wa aleikum salaam. Bei ya Galleri ni dola 949 kwa mtu mmoja, zaidi ya shilingi 120,000. Tuseme mfadhili amelipa. Chupa itafikaje? Kipimo hiki kinasoma vipande vya vinasaba vilivyoachwa kwenye damu na seli zilizokufa. Ukichukua damu kwa chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau, baada ya saa chache seli nyeupe zinaanza kupasuka humo humo na kumwaga vinasaba vyake, vile vya saratani vikapotelea ndani. Kwa hiyo plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, itengwe mapema: damu izungushwe kwanza kwa kasi ndogo, plazma ihamishwe, izungushwe tena kwa nguvu mara kumi ya ile ya kwanza, kisha igandishwe. Nani ana mashine hiyo Ndau?

Zipo chupa maalumu zenye dawa ya kuzuia seli zisipasuke, nazo hukaa siku kadhaa bila friji. Zina masharti yake. Unaigeuza taratibu mara 8 hadi 10 damu ikishaingia, bila kutikisa. Joto lisipite digrii 37. Na isilazwe kwenye barafu, ndipo wengi watakapoharibu, maana mazoea yetu ni kutia kila sampuli kwenye kibaridi cha chanjo. Ukiitoa kibaridini, boti ya saa saba mchana kwenda Mokowe itaipikia juani.

Mwenye hoja, Langoni:
Hayo ni ya mafunzo, ndugu yangu. Watu wakifundishwa watafanya. Kipimo chenyewe chafaa au hakifai?

Fundi wa maabara, Malindi:
Kinamfaa aliyechelewa kuliko aliyewahi. Katika utafiti mkubwa wa watengenezaji wake uliochapishwa 2021, kilikamata watu 16.8 kwa kila mia wenye saratani ya hatua ya kwanza, 40.4 hatua ya pili, 77 ya tatu, 90.1 ya nne. Sababu yake ni hesabu tupu. Mililita 10 za damu hutoa plazma mililita 4 au 5. Mililita moja ya plazma ya mtu mwenye afya ina vinasaba hivyo nanogramu chache. Nanogramu 5 ni kama nakala 1,500 za vinasaba vyote vya mtu. Chupa nzima basi ina nakala 6,000 au 7,000. Uvimbe mdogo unaochangia nakala moja kwa kila 100,000 unaweza usiwemo kabisa pale unapopaangalia. Wanasoma sehemu nyingi kwa pamoja ili kupunguza bahati mbaya hiyo, lakini kisichokuwemo chupani hakisomeki.

Mwenye hoja, Langoni:
Kumi na sita si sifuri! Na hukosea kwa mtu mmoja tu katika 200 wasio na saratani.

Mwalimu wa takwimu, Mpeketoni:
Huyo mmoja katika 200 ndiye wa kumwangalia. Chukua watu 1,000 wa miaka 50 na zaidi, tuchukulie 6 wana saratani iliyojificha. Kipimo kitakamata kama 3. Kitawatisha wazima 5. Barua nane, tatu za kweli, na hakuna anayejua ni zipi. Hata Marekani, katika utafiti wa watu 6,621, walioambiwa wana dalili walikuwa 92 na waliokutwa na saratani ni 35. Wale 57 wengine, nusu yao walipita siku 162 kabla ya kuambiwa hawana kitu, nao wako kwenye hospitali zenye kila picha. Mtu wa Kizingitini atazunguka kwa boti, basi na hoteli za Nairobi akitafuta ugonjwa asio nao.

Daktari wa upasuaji, Malindi:
Niongeze la PSA, maana hilo lapatikana hapa hapa. Katika wanaume wanne waliopanda PSA, watatu hivi hawana saratani. Hupandishwa na tezi iliyokua kwa umri, maambukizi ya mkojo (subiri wiki 6), mpira wa mkojo, kumwaga manii ndani ya saa 48, na mazoezi makali hasa ya baiskeli. Punda sijaona akiandikwa. Kinyume chake, anayemeza finasteride, dawa ya tezi iliyokua, kwa miezi sita PSA yake hushuka karibu nusu, kwa hiyo jibu la 3 kwake lisomwe kama 6. Kambini nani anauliza hayo, foleni imefika mlangoni?

CA-125 iacheni kabisa kwa mtu asiye na dalili. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi. Majibu ya 2021 yalionyesha vifo vya saratani ya ovari havikupungua. Hedhi, mimba, fibroidi, hata TB ya tumbo huipandisha.

Muuguzi wa kliniki ya akina mama, Lamu:
Daktari amesema kweli. Mimi fedha hizo ningezipeleka kwenye saratani ya shingo ya kizazi. Mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, faraghani, hahitaji kuvua mbele ya mtu, na kwetu hilo si dogo. Mashine ya GeneXpert ya TB inasoma virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo, kwa saa moja ikiwa katriji yake ipo. Akikutwa navyo, tunapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, tunasubiri dakika moja, tunaangalia panapogeuka peupe, na panapofaa tunachoma kwa kifaa cha joto la digrii 100 kwa sekunde 20 hadi 30. Amepimwa na kutibiwa kabla saratani haijazaliwa.

Mwenye hoja, Langoni:
Bi, umewapa wanawake. Na wanaume wa baharini je? Damu yao haina kazi yoyote?

Muuguzi wa kliniki ya akina mama, Lamu:
Inayo. Wapime homa ya ini aina ya B, tone moja la kidole, majibu dakika 15 hadi 20. Chanjo yake iliingia kwa watoto wachanga mwaka 2001, kwa hiyo watu wazima wengi waliikosa. Ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya saratani ya ini Afrika, na sumukuvu ya mahindi huongeza hatari. Mwenye virusi vinavyoshambulia ini hupewa dawa ya tenofovir. Aliye hatarini zaidi hupigwa ultrasaundi kila miezi 6.

Mwenye hoja, Langoni:
Hilo nalichukua. Lakini PSA siiachi: waliotimiza miaka 55 hadi 69, waelezwe, waulizwe hayo ya daktari, watakao wapimwe.

Daktari wa upasuaji, Malindi:
Sawa, kwa sharti. Kabla ya sindano ya kwanza, kaunti iwe na tarehe za biopsi (kutoa kipande cha tezi kipimwe) zilizolipiwa na nafasi ya maabara ya patholojia ya kukisoma kipande hicho Mombasa. Wapimwe wanaume wengi kadiri ya tarehe hizo, asizidi hata mmoja.

Mwenye hoja, Langoni:
Kwa hesabu hiyo tutapima wangapi kwa mwaka, thelathini?

Daktari wa upasuaji, Malindi:
Pengine ishirini.