Je, filamu inayoonyesha kiongozi aliye hai akiuawa inavuka mpaka?

Mwandishi wa Jinja

Ndugu zangu, habari za leo. Kikundi chetu cha filamu hapa Jinja kinaandika muswada kuhusu nchi ambayo rais wake anapigwa risasi. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba rais huyo awe kiongozi wa kweli wa nchi ya nje, aliye hai na aliye madarakani, kwa jina lake na sura yake. Wanatoa mfano wa filamu ya Uingereza ya mwaka 2006 iliyoonyesha George W. Bush akiuawa mjini Chicago ilhali alikuwa bado rais, na ile filamu ya vichekesho ya kampuni ya Sony ya mwaka 2014 ambayo ndani yake Kim Jong-un anauawa. Mimi nasita, na sisiti kwa kuogopa serikali tu. Najiuliza kama ni haki kumuua mtu aliye hai mbele ya watazamaji, hata akiwa mtu anayestahili lawama. Na kama si haki, mpaka wenyewe uko wapi, kwa sababu sitaki pia tuandike filamu ya woga. Naomba maoni yenu.

Binti wa Arua

Kwangu mimi inavuka mpaka. Kiongozi ni baba wa watu, ni mume, ni mtoto wa mama fulani, na kumpa mtu cheo hakumwondolei utu wake. Tazameni filamu ya mwaka 2006 kuhusu Idi Amin, iliyopigwa hapahapa Uganda na kumpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Amin alikuwa amekwisha kufariki Jeddah mwaka 2003. Hata hivyo, daktari wa Kiskoti anayebeba hadithi nzima hakuwahi kuwepo, na waandishi wakamtia katika mapenzi na Kay, mke halisi wa Amin aliyekufa kifo cha kutisha mwaka 1974. Leo vijana wengi wanaichukua hadithi hiyo kuwa ndiyo historia, na ndugu wa marehemu wako hai wanasikia. Ikiwa wafu wanatendewa hivyo, aliye hai atajitetea vipi?

Wakili wa Mbale

Dada wa Arua, naheshimu uchungu wako, ila hoja yako inahusu uongo katika filamu, nalo ni jambo tofauti na ukatili. Kuhusu ukatili wenyewe, sikubali kwamba machungu ya mwenye mamlaka yawe kipimo. Kifungu cha 29 cha Katiba yetu ya 1995 kinalinda uhuru wa kujieleza, na Mahakama ya Katiba ilibatilisha kosa la uchochezi mwaka 2010, kisha Januari 2023 ikabatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kikiwafunga watu kwa maneno ya kuudhi.

Tusisahau habari za Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala. Mchezo wake ulizungumzia jogoo, haukumtaja Amin kwa jina. Aliupeleka kwenye tamasha la Lagos mwaka 1977, na aliporudi nyumbani watu wa utawala wa Amin wakamchukua na kumuua. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kuficha jina kunamwokoa msanii wafikirie tena. Hata katika habari ya Sony, kilichovuka mpaka kwa maoni yangu ni kompyuta za kampuni kuvamiwa na kumbi za sinema kutishiwa, hadi filamu ikaondolewa kwa siku chache kabla ya kutolewa tena wakati wa Krismasi.

Mzee wa Bombo

Wanangu, mimi nilikuwa kijana wa sekondari tarehe 19 Desemba 1969, Rais Obote alipopigwa risasi Lugogo akitoka kwenye mkutano wa chama chake cha UPC. Risasi ilimjeruhi usoni, akapona. Lililofuata ndilo nililolishuhudia: hali ya hatari ikatangazwa nchi nzima, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na miaka miwili haikutimia kabla jeshi halijachukua nchi. Filamu nyingi za aina hii huishia pale kiongozi anapoanguka, na watu hutoka ukumbini wameridhika, kana kwamba nchi nayo inaishia hapo. Ile ya Waingereza kuhusu Bush naiheshimu kwa jambo hilo moja, kwa kuwa sehemu yake kubwa inahusu yaliyofuata: sheria zilizokazwa, na mtu mwenye asili ya Syria aliyehukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Kisha kuna wale ambao kamera huwapita. Tarehe 1 Juni 2021 gari la Jenerali Katumba Wamala liliposhambuliwa Kampala, yeye alipona, wakafa binti yake na dereva wake. Mimi ningemuuliza mwandishi yeyote kwanza: dereva wa rais wako ana jina? Kama hana, basi hujaandika habari ya mauaji bado, umeandika shabaha tu.

VJ wa Busia

Mzee amesema kweli, nami niongeze ninayoyaona katika kibanda chetu cha kuonyeshea filamu. Sisi maVJ, tunaotafsiri filamu papo hapo, hupunguza sauti yake, tukashika maikrofoni na kusimulia juu yake, na ni kawaida jambazi wa Hong Kong kupewa jina la mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, ili watu wacheke. Siku moja rais wa kubuni kabisa alikuwa akiuawa kwenye skrini, na kijana mmoja kwenye benchi la nyuma akapaza jina la kiongozi tunayemfahamu sote. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nikanyamaza mpaka onyesho likapita, kwa sababu neno langu moja tu lingetosha kuyageuza makofi yale kuwa kitu kingine. Ndugu wa Jinja, mkitaja jina au msitaje, watazamaji watatia la kwao; angalieni zaidi mnawapa nini cha kushangilia.

Mwandishi wa Jinja

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu swali la mzee kuhusu dereva, na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa hiyo tumekubaliana kuandika upya sehemu ya pili yote, na rais atakuwa wa kubuni. Mmoja wao bado anaona kwamba tumerudi nyuma kwa hofu, na hoja ya wakili inampa nguvu; tutaendelea kubishana. VJ, watengenezaji wakikuletea maelezo ya namna ya kusimulia onyesho fulani, utayafuata?

VJ wa Busia

Nitayafuata, mradi niyapate mapema, pamoja na maneno yote ya wahusika yaliyoandikwa. Mara nyingi tunaletewa filamu tupu kwenye flashi asubuhi ya siku ya kuonyesha, na hapo kila kitu tunabuni wenyewe.